Jezi Moja, Makipa Wawili

Buhembe, Bukoba
9 Februari

Shemeji Nathanael,

Nakuandikia barua pepe, tena ndefu, kwa sababu juzi nilikutumia ujumbe wa pongezi ukanijibu kwa kile kidole gumba unachowajibu watu wote. Mimi si watu wote. Mimi ni kaka wa mkeo, na ndiye niliyekufundisha kujitupa bila kuumiza bega, kwenye mchanga wa ziwani, wakati ule ukiukwepa mpira kama mtu anayekwepa nyuki.

Sasa nasikia umeitwa timu ya taifa. Hongera sana. Magazeti yanakuita Ukuta wa Muleba. Mimi waliniita Paka wa Bukoba, na paka huyo hajafa, ingawa ukisoma wanavyoandika utadhani matanga yake yameshaanuliwa.

Nikwambie jambo kama kaka: usije. Sikiliza kwanza kabla hujakasirika. Huko Denmark wamekupa goli juzi tu, baada ya kipa wao kuumia. Ukipanda ndege kuja kambini, ukirudi utamkuta amepona, amesimama katikati ya milingoti yako, anakuuliza habari za safari. Nimeona vijana wengi wakipotea hivyo. Wanakuja kuvaa jezi ya taifa, wanapiga picha, wanarudi kukaa benchi mpaka mkataba unaisha.

Mwambie kocha kidole kinauma. Kidole cha kipa hakuna anayekihoji. Timu ya taifa haikimbii, na mimi nipo. Nitakulindia goli mpaka utakapokuwa tayari.

Najua watu watasema nakushauri hivi kwa sababu jezi namba moja ni yangu. Acha waseme. Wewe unanijua.

Mwanao Rutashobya hajambo. Jumapili Joviana alimleta hapa kutoka Muleba, akala ndizi na maharage mpaka tumbo likawa kama mpira, kisha akalala kifuani kwangu. Mama yetu, Ephrasia, anakusalimu.

Kaka yako,
Ildefons Byarugaba


Denmark
12 Februari

Kaka Ildefons,

Shikamoo. Nisamehe kwa kile kidole gumba. Siku ile nilikuwa na ujumbe mwingi kuliko akili, nikawa nabonyeza tu. Wewe ulistahili maneno.

Nimesoma barua yako nikiwa kwenye basi la timu, nikairudia nyumbani. Nimekubali. Jana nilimpigia kocha wa timu ya taifa nikamwambia habari ya kidole. Akasema, "Sawa, bwana. Kidole kipone." Nilipokata simu nilijiona kama mtoto aliyevunja chungu.

Maisha ya huku ni mazoezi, baridi na ukimya. Mpira ukiwa na barafu unauma mikono hata ukiwa na glovu. Kocha wa makipa anataka nipige kelele, anasema kipa asiyesema ni nguzo ya tatu. Kidenishi changu bado kigumu, basi mpira ukija kwa kasi mdomo unatoka na Kihaya. Juzi nilimfokea beki wangu, "Rugaho!" Akatoka palepale kama aliyezaliwa kwetu Kamachumu. Sasa mabeki wote wanalijua hilo neno, na kwenye chumba cha kubadilishia nguo wanafukuzana nalo kwenye mabafu.

Naomba kitu kimoja. Joviana nimemwambia kidole kinauma kweli. Usimwambie vingine. Baba alishawatangazia majirani kwamba nitaonekana kwenye runinga, na sijui nitamwambiaje.

Asante kwa kunilindia goli. Wengine wangefurahi nikianguka.

Mdogo wako,
Nathanael Karugendo


Buhembe, Bukoba
28 Machi

Shemeji,

Tumerudi kutoka Dar. Najua uliitazama mechi, kwa hiyo sina haja ya kukueleza. Sare si mbaya.

Lakini nataka uujue ukweli wa lile goli, kwa sababu wachambuzi wameamua kuwa ni langu. Ile kona ilipinda na upepo. Beki wetu alikuwa amenikanyaga. Nilitoka vizuri, nikaruka vizuri, mpira ukapita juu ya vidole vyangu kwa unene wa kucha. Mmoja wao akasema runingani, "Kipa mrefu angeufikia." Wenzake wakatikisa vichwa kama wametoboa siri ya serikali.

Urefu hukuufanyia mazoezi, Nathanael. Mimi nilikuwa nakimbia mlima asubuhi nikiwa na mawe begani. Wewe ulikaa kwenu Kamachumu ukarefuka kama mgomba ulioota karibu na jiko. Nilipokwenda majaribio Afrika Kusini nilidaka kila kitu walichonipigia, na siku ya mwisho mzee aliyekuwa akichagua wachezaji akanipima kwa macho kutoka kichwani mpaka viatuni, akasema, "Pole sana." Hakutaja hata mpira mmoja niliokosea, kwa sababu haukuwepo.

Kuna jambo jingine, sijamwambia mtu. Lile goli lilipoingia, upande mmoja wa jukwaa ulianza kuimba jina lako. Hukuwepo nchini. Ulikuwa Denmark umekaa kwenye kochi. Na bado ulikuwa uwanjani kuliko mimi.

Natania. Usinielewe vibaya. Endelea kutulia hukohuko, kidole kisije kikapona haraka.

Ildefons


Muleba
6 Aprili

Kaka Ildefons,

Barua hii namkabidhi mwalimu mwenzangu anayekuja Bukoba, akuwekee mkononi. Nikipiga simu utampa Mama aongee, kama kawaida yako ukijua umekosa.

Mume wangu aliniambia kidole kinauma. Jumamosi ya mechi yenu, saa chache kabla haijaanza, nilimwona kwenye video ya klabu yake, amedaka mpira kwa mikono yote miwili, anacheka. Nikampigia, "Nathanael, nionyeshe kidole." Akanionyesha vyote. Nikamwuliza ni nani aliyempa akili hiyo. Hakutaka kusema. Nikamtajia jina lako, akanyamaza, nami najua kunyamaza kwa mume wangu.

Kaka, wengine watakuita mshauri. Mimi nimelala nawe kitanda kimoja tukiwa watoto. Msimu wa senene, ukiona nimekamata wengi kuliko wewe, ulikuwa unachungulia kwenye kopo langu na kusema, "Wako wembamba." Nilipofaulu kwenda sekondari, ulisema shule yenyewe ina panya. Hukuwahi kunipiga, hukuwahi kunitukana. Ulikuwa unapunguza tu. Kila nilichopata ulikipunguza kidogo ndipo ukanipa pongezi.

Unajua Mzee Karugendo, baba mkwe wangu, alifanya nini siku ya mechi? Alitoa viti nje, akanunua king'amuzi, akawaalika majirani, akapika rubisi, pombe ya ndizi, ya kutosha kijiji. Hakuna kati yetu aliyethubutu kumwambia, wakakaa kumtazama mwanawe. Wakakuona wewe. Mzee aliangalia mpaka mwisho kwa heshima, kisha akaingia ndani akajifunika blanketi jua likiwa bado linawaka.

Sikukatazi kuipenda jezi yako. Lakini usimvue mume wangu kwa mkono wa undugu.

Ni mimi dada yako,
Joviana


Buhembe
8 Aprili

Joviana,

Nimetoa ushauri wa kitaalamu kwa mchezaji kijana. Wewe unafundisha hesabu. Je, nimewahi kuja darasani kwako kukusahihishia ubao?

Habari ya senene ni uongo. Wako walikuwa wembamba kweli.

Mama hajui lolote kuhusu barua yako, na ningependa iwe hivyo.

Kaka yako


Denmark
20 Mei

Kaka Ildefons,

Shikamoo. Nimeitwa tena, na safari hii nakuja. Yule kipa wa hapa amepona, lakini kocha ameniachia goli, kwa hiyo hofu yako ya mwanzo haipo tena. Najua ulinishauri kwa nia njema.

Nimemwomba meneja wa timu anipange chumba kimoja nawe. Natumaini hutakataa. Tangu niondoke Bukoba sijalala chumba kimoja na mtu anayejua Kihaya. Nakuletea glovu za aina ile uliyoniulizia.

Tukiwa kambini hatutahitaji barua.

Mdogo wako,
Nathanael


Muleba
17 Juni

Kaka,

Umefika Buhembe tangu juzi na simu umezima, ndiyo maana namtuma tena mwalimu mwenzangu.

Mechi tuliitazama kwa Mzee Karugendo. Penalti ile ya dakika za mwisho, mimi nilificha uso kwenye kanga, nikasikia kelele, nikajua kwa kelele zenyewe kwamba Nathanael ameipangua. Tulikumbatiana na watu nisiowajua. Mzee alilia. Nilifurahi, Kaka, na katikati ya furaha nikakuwaza wewe pale benchi, nikasema moyoni, na yeye amefurahi sasa, amemaliza.

Asubuhi ndipo nikaiona picha. Nadhani nchi nzima imeiona. Benchi lote liko hewani, hata daktari, hata yule mzee wa kubeba maji ameruka mguu mmoja umetoka kiatu. Na wewe peke yako umekaa. Umeshika magoti, unatazama chini kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Wameiandika juu yake, "Kipa Namba Wivu." Watoto wangu wa darasa la tano wameshalijua hilo jina. Nimemsikia mmoja akimwita mwenzake.

Mama hakwenda jumuiya jana. Alisema kichwa kinamuuma. Jirani yetu alipokuja kumjulia hali alianza kwa kusema, "Waitu, mwenzangu, watoto ni watoto," na Mama akamwambia aondoke na chai yake bado mkononi.

Ninapomaliza kuandika hapa, redio inasema Nathanael amehojiwa kuhusu wewe. Amesema uliumia nyonga wakati mkipasha misuli, hukuweza kusimama, na kwamba watu wakuombe radhi. Mama amepiga simu, sauti imerudi, anauliza majani gani ya kuchemsha.

Kaka, niambie mimi. Uliumia nyonga?

Joviana


Buhembe, Bukoba
21 Juni

Nathanael,

Nani alikuomba?

Nani alikutuma uniumbie ugonjwa mbele ya nchi nzima? Nilikuwa nimeshaanza kuyazoea matusi. Matusi yanakuja, yanachoka, yanaondoka. Sasa wamekuja watu wa pole. Natembea kwenda dukani mtu ananishika mkono kunivusha barabara. Mama ananikanda nyonga asubuhi na jioni kwa maji ya majani, nami nimelala kifudifudi kama mjinga, siwezi kumwambia haina kitu.

Na hayo ni madogo. Daktari wa klabu yangu hapa Bukoba alisikia redio kama wengine. Akaniita, akanikunja mguu huku na huku. Nikamwambia siumwi. Akasema, "Makipa wote husema hivyo." Kocha naye amekasirika kwamba nilimficha. Jumamosi alimpanga kipa mwingine, na kipa huyo hakufungwa. Unajua maana yake. Umeniondoa golini Dar kwa mikono, halafu ukaniondoa golini Bukoba kwa mdomo.

Kambini ulikuwa na adabu mpaka ikanichosha. Kocha alipoyasoma majina, ulinigeukia ukanitazama kwa huruma. Afadhali ungecheka. Ningekuwa wewe ningecheka. Ukanikabidhi glovu mpya mbele ya wenzetu, nzuri, za bei, nami nikazivaa nikakupigia mipira ya kukupasha wewe. Kila mpira uliodaka nilisema "vizuri," na kila mara nilisema nikitaka ukuponyoke.

Unataka kujua kilichokuwa kwenye picha? Mwamuzi alipoonyesha penalti, nilijiona nimetulia. Nikasema, sasa. Sasa watajua kwamba na mrefu hufungwa. Nilikuwa nimeshaandaa uso wa kukufariji. Nilikuwa nimeshachagua hata maneno. Halafu ukaenda kushoto, ukaipangua, wote wakaruka, na miguu yangu ikakataa. Sikuumia popote. Nilibaki nimekaa na maneno yangu ya faraja mdomoni, hayana wa kumpa.

Basi usinitetee. Shujaa ni wewe, nimekubali. Lakini mkosaji niachie niwe mwenyewe.

Ildefons


Denmark
25 Juni

Kaka Ildefons,

Leo sitaanza na shikamoo. Nitaimalizia nayo, nikiweza.

Sikusema nyonga kwa ajili yako. Nilisema kwa ajili ya Joviana na Mama. Na kidogo, kwa ajili yangu. Mwandishi alipoiweka picha mbele yangu niliona wivu uleule niliouona kwako kambini, nikatamani usiwe kweli. Nilifanya kosa, nakubali. Klabuni kwako nitapiga simu mwenyewe ukitaka.

Lakini unaniandikia kana kwamba wivu ni mali yako peke yako.

Mwezi wa nne Joviana alinitumia video. Ilikuwa uani kwenu Buhembe. Mwanangu amesimama kwa mara ya kwanza bila kushikwa, anayumba, anacheka, na anatembea. Anatembea kuelekea kwa mtu aliyechuchumaa na kunyoosha mikono. Mtu huyo ni wewe. Umemdaka vizuri sana, Kaka, kama kipa. Akakushika mashavu akasema, "Tata." Wote mkacheka. Joviana anacheka mpaka simu inatikisika. Mama anasema kwa nyuma, "Haya, umepata mtoto."

Tata. Neno la kumwita baba, la kwanza kinywani mwake, na amekupa wewe.

Niliitazama kwenye chumba cha kubadilishia nguo, watu wakiimba kwa sababu tumeshinda. Mchezaji mmoja akachungulia simu akauliza, "Huyo ni kaka yako?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Anafanana na mtoto." Nikaenda kuoga na jezi yangu mwilini.

Unalalamika kwamba jukwaa liliimba jina langu nikiwa kwenye kochi. Sikuwa kwenye kochi. Siku ile nilikuwa nimetoka kucheza, niko peke yangu, nimekaa sakafuni karibu na bomba la joto, nakutazama wewe ukiimba wimbo wa taifa, nyuma yako wamesimama watu wanaoongea lugha yangu. Ukimaliza mechi utapanda ndege mpaka Bukoba, utakula ndizi za Mama, Jumapili utaletewa mwanangu. Mimi nina goli na mshahara na theluji. Nilikuonea wivu mpaka nikazima runinga kabla ya ile kona. Goli lenyewe nilisimuliwa na wewe.

Na kuhusu ushauri wako wa Februari. Ulidhani nimeamini? Niliujua siku ileile, kwenye basi. Mtu anayetaka kunilindia goli hawezi kuandika kwa furaha namna ile. Sikuja kwa sababu niliogopa. Niliogopa kudakia nchi, niliogopa Mzee wangu na viti vyake. Wewe ukanipa mahali pa kujificha, nikaingia haraka, nikakushukuru. Kwa hiyo usijisumbue kufikiri ulinishinda kwa ujanja.

Sijui tufanyeje. Joviana anasema tunafanana, na anasema kama tusi.

Shikamoo.

Nathanael


Buhembe, Bukoba
9 Julai

Nathanael,

Marahaba. Barua yako nimekaa nayo siku nyingi. Nilianza majibu nikayafuta, kwa sababu kila nilipoandika kuhusu mtoto nilijikuta najitetea, na hakuna wa kunishtaki. Sikukuibia neno lile. Lakini lilinipendeza, na nilijua lako, nikalipokea hivyohivyo.

Sikiliza yaliyotokea huku.

Jumatano nilikwenda redioni hapa mjini. Walikuwa wameniita niongee habari za kupona. Mtangazaji ni kijana mchangamfu, akaanza, "Paka wa Bukoba, vipi nyonga?"

Nikamwambia, "Nyonga yangu nzima."

"Imepona tayari?"

"Haikuumia."

Akacheka. "Sasa ile picha?"

"Ile picha ni ya kweli. Nilikuwa na wivu."

Akacheka tena akidhani natania, nami sikumsaidia. Redioni kimya kikiingia kinatisha kuliko penalti. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo, si ile ya kutangazia, "Yaani ulitaka afungwe?"

Nikasema, "Ndiyo. Kwa muda ule, ndiyo. Nilitaka nchi nzima ifungwe ili mimi nionekane."

Wakafungua simu. Nilitukanwa vizuri. Mmoja alisema ninyang'anywe hati ya kusafiria. Mwingine alisema kocha alijua alichofanya aliponiweka benchi. Halafu akapiga mama mmoja wa Kagondo, hakutaja jina, akasema yeye anaimba kwaya tangu akiwa msichana, na nyimbo zote nzuri wanampa mwenzake aanzishe, na kila Jumapili akisimama kuimba anamwomba Mungu mwenzake akohoe. Akasema, "Nilidhani ni mimi tu," akakata simu.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Mama jikoni, redio iko juu ya kabati, sufuria ya majani ameshaimwaga nje. Hakunitazama. Akasema, "Kwa hiyo nimekukanda bure."

Nikasema, "Nisamehe, Mama."

Akamenya ndizi mbili tatu. Kisha akasema, "Afadhali wivu. Nyonga ingenipa kazi mpaka nife." Jumapili alikwenda kanisani, akakaa mbele.

Daktari wa klabu amenirudisha. Kocha alinipanga Jumamosi. Nilifungwa mawili. La kwanza halikuwa langu. La pili lilikuwa langu kabisa, na wala halikuwa la juu. Lilipita chini, miguuni, mahali ambapo ufupi ni faida. Nakwambia ili ufurahi. Furahi, nakuruhusu.

Kuhusu mtoto. Joviana alimleta siku ya mechi ya kirafiki ya klabu yako. Nilimpakata mbele ya simu, ukatokea wewe na jezi ya njano. Nikamwambia, "Yule pale ndiye Tata. Sema Tata." Akakutazama sana. Akasema, "Mpira." Nikamwambia, "Si mpira, ni baba yako." Akanigeukia mimi, akacheka, akaniambia, "Tata." Tumerudia mpaka amekasirika. Itabidi uje mwenyewe. Kuna vitu huwezi kudaka ukiwa mbali, wala mimi siwezi kukulindia. Njoo mwezi wa saba huu kabla ligi yenu haijaanza. Mzee Karugendo ameshasema viti hajaviingiza ndani.

Sasa la mwisho. Jana kocha wa timu ya taifa alinipigia. Alisikia mahojiano, kuna mtu alimtumia. Nilidhani ananiaga. Akasema, "Namba moja ni Nathanael, na sitabadilisha. Wewe nakuhitaji, lakini nakuhitaji benchi. Unaweza?" Nikaomba nifikirie. Miaka yote makocha wameniuliza kama naweza kudaka. Huyu ndiye wa kwanza kuniuliza kama naweza kukaa.

Asubuhi nimempigia nikamwambia naweza.

Kwa hiyo tutaonana kambini Septemba. Nitakupasha kabla ya mechi, na nitakupigia mipira kwa nguvu, ya chini na ya juu, kwa sababu nikikupigia ya upole nitakuwa nimekuuza. Ukidaka nitasema "vizuri." Huenda moyoni bado nitakuwa nasema kingine. Na ukigongana na mshambuliaji ukaanguka, ukalala pale bila kuinuka, mimi nitafurahi kwanza. Nakwambia sasa, kwa maandishi yangu mwenyewe, ili usije kuambiwa na wenye kamera. Itakuja furaha, fupi, nitaijua, nitaionea aibu. Lakini nitakuwa nimeshasimama, Nathanael. Nitakuwa nakimbia kuja ulipo.

Shemeji yako,
Ildefons